Chai ya Kupozwa

Daktari Rosebella alikuwa na kalamu nyekundu na swali moja tu. Mwanafunzi akiandika kwamba watu wa pwani ni wakarimu, alirudishiwa karatasi yake ikiwa na maneno pembeni: Nani kasema? Akiandika kwamba jua huchomoza mashariki, na siku hiyo Daktari hakuonja chai ya asubuhi, basi hata jua lenyewe lilitafutiwa shahidi. Alikuwapo kijana mmoja aliyejibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Darasa zima lilicheka. Daktari naye alicheka, kisha akamkata alama.

Basi haikuwa ajabu Fadhiya kukuta wino mwekundu kwenye utafiti wake. Kilichomuuma ni mahali wino wenyewe ulipoangukia. Alikuwa akiandika juu ya ukarimu wa wanawake wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale, na katikati ya kazi hiyo palikuwa na aya aliyoipenda kuliko zote: "Wanawake wa Kuze, wakati wa chai ya alasiri, humimina kikombe kimoja zaidi kwa ajili ya mpendwa wao aliye mbali. Chai hiyo hupozwa kwanza, kisha huachwa kwenye sinia hadi magharibi." Chini yake alikuwa ametaja makala kadhaa za wataalamu, na zote zilisema hivyo hivyo. Daktari aliipiga mstari aya nzima.

"Vyanzo nimevitaja, Daktari," Fadhiya alimwambia ofisini.

"Umetaja watu wanaonukuliana. Huyu kamsikia yule, yule kamsikia mwingine. Huo si ushahidi, ni umbea uliovalishwa tai." Daktari Rosebella alikuwa binti wa fundi wa reli, mtu wa bara aliyekulia Mombasa, na maneno yake yalikuwa hayana kona. "Nenda mpaka kwa aliyesema wa kwanza. Ukimpata, aya ibaki. Ukimkosa, iondoe. Kazi yako ni nzuri hata bila hiyo."

Alisema kweli, na mtu mwingine angeifuta ile aya akaenda zake kula. Fadhiya hakuweza. Aya ile ndiyo iliyomfanya achague Kuze tangu mwanzo, ingawa Daktari hakuambiwa hilo.

Fadhiya alikuwa mtoto wa kupewa. Halikuwa jambo la siri wala la aibu. Kwao Kwale ndivyo watu walivyofanya tangu zamani. Nimwaka, dada mkubwa, aliolewa mtaa wa Tudor na karani wa bandarini, akakaa akakaa bila kujaliwa mtoto. Mejumaa, mdogo wake, aliachika akiwa na mtoto wa kike mgongoni. Mtoto alipoachishwa ziwa, Mejumaa alimbeba hadi Tudor, akampa dada yake awe wake. Fadhiya akakua akimwita Nimwaka mama, na Mejumaa, aliyemzaa, akimwita mama mdogo.

Na kitu ukishampa ndugu yako, huendi kukichungulia. Mejumaa alipanga chumba Kuze, akawa akifua nguo za watu. Siku za Idi alikuja Tudor na kukaa kwenye ukingo wa kochi, mkoba mapajani, kama mtu asiye na hakika kwamba alialikwa.

"Hujambo, mwana wa dada?"

"Sijambo, mama mdogo."

"Wasoma?"

"Nasoma."

Basi. Hakumgusa hata unywele. Mejumaa alipokufa kwa maradhi ya sukari, Fadhiya alikuwa kidato cha pili, na mtu wa kumuuliza akazikwa pamoja na jibu. Swali lenyewe lilikuwa dogo. Alitaka kujua kama mama yake aliwahi kumtamani. Kama alimtoa na moyo ukamuuma, au alimtoa kama mtu anavyompelekea jirani sahani ya futari, akarudi kwake mikono mitupu na roho safi.

Ndiyo maana aliposoma habari za kile kikombe alisimama peke yake chumbani, akaisoma tena kwa sauti. Mama mdogo aliishi Kuze. Ikiwa wanawake wa Kuze wote huwamiminia chai walio mbali nao, basi naye alimimina. Na yeye alikuwa na nani mwingine wa kummiminia? Kweli, kutoka Kuze hadi Tudor si safari. Tuktuk hukufikisha kabla hujamaliza kuzozana na dereva. Lakini kwa Mejumaa Tudor ilikuwa mbali, maana alikuwa ameikataza miguu yake. Kwa hivyo Fadhiya alihitaji desturi ile iwe ya kweli. Si kwa ajili ya alama.

Ronny, aliyekaa naye dawati moja, alimwonea huruma. Akaiuliza akili mnemba kwenye simu yake, nayo bila haya ikamtolea vitabu juu ya kikombe cha Kuze, pamoja na waandishi na kurasa. Fadhiya alishinda maktabani akivisaka. Havikuwapo. Havikuwa vimeandikwa na mtu yeyote, popote, tangu dunia iumbwe.

"Lakini ilijibu kwa adabu sana," Ronny alijitetea.

Basi akaenda Kuze mwenyewe, baada ya swala ya alasiri, saa ambayo vichochoro vinanuka iliki na mahamri, na watoto wa madrasa wanapishana na paka. Alibisha nyumba baada ya nyumba. Kila mahali alipokewa, akakalishwa, akamiminiwa. Akauliza.

"Kikombe cha nani?" mama mmoja alishangaa. "Mume wangu yuko Dubai, mwanangu. Apige simu kwanza, ndipo nimmiminie chai."

Nyumba ya pili mwanamke alimtazama kwa mashaka, akauliza kama jambo hilo si la mashetani. Nyumba iliyofuata ajuza mmoja alicheka mpaka miwani ikamvuka. "Chai iwekwe hadi magharibi? Nzi watasema alhamdulillahi!"

Mpaka anatoka Kuze tumbo lilikuwa likimchezacheza kwa chai. Ukarimu ulithibitika, kikombe hakikuthibitika. Na katika mizunguko yake yote kulikuwa na mlango mmoja aliopita mbele yake bila kubisha, wenye misumari ya shaba na kizingiti kilicholiwa na nyayo. Hiyo ilikuwa nyumba ya Bi Swafia, alimopanga Mejumaa hadi kufa kwake. Fadhiya alijiambia kwamba bibi atakuwa amelala. Ukweli ni kwamba aliogopa. Hao wengine walisema hawakijui kikombe. Bi Swafia angeweza kusema kwamba hata Fadhiya mwenyewe hakumjua, kwamba Mejumaa hakuwahi kumtaja.

Siku ile hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda Mama Ngina, kando ya bahari, akanunua mihogo ya kukaanga iliyopakwa ndimu na pilipili, akakaa juu ya ukuta katikati ya umati wa jioni. Karibu naye mtoto wa kike alikuwa ameuma pilipili, analia kwa hasira, na mama yake anamfuta mdomo kwa upindo wa leso huku akimcheka. Fadhiya alitazama mpaka akaona haya, akatazama kwingine, kisha akatazama tena. Alitamani kufutwa mdomo. Mtu mzima, mwanafunzi wa chuo, anatamani kufutwa mdomo na mwanamke aliye kaburini! Alimtamani mama yake vile mtu anavyotamani maji, bila kufikiri, na mihogo ikampoa mkononi.

Asubuhi alirudi maktabani kumalizia alichoanza, ili aifute aya akiwa na haki ya kuifuta. Akaifuata ile habari kinyumenyume. Makala mpya ilimnukuu mtu, mtu yule akamnukuu wa kabla yake, hadi alipofika kwa mtafiti mmoja aliyelala Kuze wakati wa utafiti wake, Fadhiya akiwa bado hajaanza shule. Huyo hakumnukuu mtu. Alieleza kikombe, akaeleza kwamba kupozwa kwa chai ni ishara ya kuituliza roho ya msafiri, kisha chini, kwa herufi ndogo, akaweka tanbihi: "Nilielezwa na mpangaji wa nyumba nilimolala, mfuaji wa nguo, na mwenye nyumba akathibitisha."

Fadhiya aliweka kidole juu ya maneno mfuaji wa nguo, akakiacha hapo. Ushahidi wote wa dunia, makala zote zile na tai zake, ulikuwa umesimama juu ya mgongo wa mama yake.

Alasiri hiyo alibisha ule mlango.

"Hodi, Bi Swafia. Masalkheri."

"Masalkheri. Karibu, ndoo mbele nikuone, macho yangu si yale." Bi Swafia alikuwa amekaa juu ya mkeka, mwembamba, leso begani. Alimshika Fadhiya kidevu, akakigeuza upande wa dirisha. "Wewe wa Mejumaa."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Tudor alikuwa wa Nimwaka, shuleni wa Nimwaka, hata msibani watu walimpa mkono wa pole kama aliyefiwa na mama mdogo tu. Fadhiya alikaa chini kabla hajaambiwa akae.

Alitoa simu, akamsomea makala ile polepole. Alipofika kwenye roho ya msafiri, Bi Swafia alicheka hadi akakohoa, na kikohozi kilipomwachia, hakuwa akicheka tena.

"Roho ya msafiri!" alisema, akijifuta macho kwa leso. "Chai ya kupozwa ni ya mtoto, nani asiyejua? Mtu mzima gani anywa chai baridi?"

Fadhiya aliweka simu chini juu ya mkeka.

"Kila alasiri, mwanangu. Akikaa papo hapo ulipokaa. Kikombe chake hapa, na kikombe kidogo cha bati hapa. Akitia maziwa mengi, na sukari mpaka nikimwambia, Mejumaa, wapika chai au halua? Kisha ataimimina kwenye kisahani, aipulize, airudishe kikombeni. Aipulize tena. Aionje kwa ncha ya ulimi asije akaunguza mtu. Halafu akiache. Na mimi sikumuuliza, kwa kuwa nilijua."

"Na yule mtafiti?"

"Yule mpole wa watu? Kalamu haikumtoka mkononi. Siku moja akauliza, dada, kikombe hiki cha nani? Nikamwona Mejumaa uso wamvunjika. Angesemaje? Aseme ni cha mwanangu, niliyempa dada yangu kwa mikono yangu miwili? Maneno yana miguu. Yangefika Tudor kabla ya magharibi: Mejumaa ajuta, Mejumaa amtaka mwanawe. Nyumba ya Nimwaka ingewaka. Basi akasema, ndiyo desturi yetu sisi wanawake wa Kuze, twawamiminia walio mbali. Kijana akanigeukia mimi. Kweli, Bi? Nikamwambia, kweli, sote hufanya hivyo."

"Mlimdanganya."

"Nalimsitiri mwenzangu," Bi Swafia alisema bila kutahayari. "Mtu akivuliwa nguo mbele yako humuulizi imekuwaje. Wamfunika kwanza."

Fadhiya aliinama juu ya mkeka. Furaha na uchungu vilimjia pamoja, vikasukumana mlangoni, na kilichotoka ni kilio kisichokuwa na jina. Alipuliziwa chai. Miaka yote ile alipokuwa akijibu sijambo, mama mdogo, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri, alikuwa akipuliziwa chai kila alasiri, ikipoa, ikimngoja, na yeye hajui. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini naye mwana alikuwa na uchungu wake, na hakuna aliyemtungia methali.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" alipoweza kusema aliuliza.

"Angekwambia wapi? Pale kwa mamako, mbele ya mamako?" Bi Swafia alimpapasa mgongo. "Mimi nitaje ukitaka, umri huu naogopa nini? Lakini Nimwaka yu hai. Mambo haya ukiyaandika yatamkuta."

Maneno hayo aliyabeba hadi Tudor. Njiani alikata shauri. Aya ataifuta. Daktari Rosebella atafurahi, Nimwaka hataumia, na yeye amepata alichokitaka, nacho atakaa nacho kimya, kama alivyokaa nacho aliyemzaa. Lilikuwa shauri zuri, la mtoto mwenye adabu.

Alimkuta Nimwaka uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ghorofa ya tatu. Alimtazama Fadhiya mara moja tu.

"Umetoka Kuze."

"Nimetoka chuoni, Mama."

"Macho hayo si ya chuoni. Sema."

Fadhiya alijaribu kusema kidogo. Akasema kuna aya moja ataiondoa, inahusu kikombe cha chai ambacho watu huwawekea walio mbali; mwalimu anataka mtu aliyeona, na imebainika si desturi ya Kuze, ni makosa ya mtafiti. Ndivyo alivyosema: makosa ya mtafiti. Mkono wa Nimwaka ulisita juu ya mbuzi.

"Kikombe cha bati?" aliuliza. "Chenye ua ubavuni?"

Fadhiya hakuwa ametaja bati. Ua hata yeye hakulijua.

Nimwaka aliweka kifuu chini.

"Nilikuwa nikienda kumtembelea," alianza. "Peke yangu. Wewe sikukuchukua hata siku moja. Nikisema una kikohozi, una mtihani, kuna jua. Mara ya kwanza nikakikuta kimemiminwa. Nikamuuliza, mdogo wangu, hiki cha nani? Akanitazama. Akasema, chako, dada. Nikakichukua nikanywa. Kilikuwa baridi, sukari tupu. Nilijua, Fadhiya. Tangu funda la kwanza nilijua, na nikakimaliza."

"Mama, basi…"

"Ngoja. Kila nilipokwenda nilikinywa. Nikiingia tu nakishika, kabla hajasema lolote. Kwa kuwa angesema, ningekurudisha. Singeweza kumnyima, alikuwa mdogo wangu, naye ndiye aliyenipa. Basi nikamnywea maneno yake yote." Alijifuta uso kwa kiganja, na nazi iliyokunwa ikamganda shavuni. "Naye akawa akimimina tena kesho yake. Hakunikasirikia hata siku moja. Afadhali angenikasirikia."

Fadhiya alimtazama mwanamke huyu aliyemkesha alipougua tetekuwanga, aliyemshonea sare zake, aliyegombana na walimu kwa ajili yake, na kwa mara ya kwanza maishani akamchukia. Chuki ilidumu kiasi cha pumzi moja, ikashindwa pa kukaa, ikaondoka. Ikabaki hamu tu. Alitaka alasiri moja. Moja tu, pale juu ya mkeka, wakiwa wawili, na kikombe kikiwa na mnywaji.

"Nitaiondoa," alisema tena.

"Huiondoi." Sauti ya Nimwaka ilikuwa imerudi. "Si umesema mwalimu wako ataka mtu aliyeona? Mimi niliona, na nilionja. Andika. Andika halikuwa jambo la Kuze, lilikuwa la Mejumaa, na kikombe kilikuwa cha mwanawe, na aliyekuwa akikinywa ni Nimwaka wa Tudor. Jina langu uliweke lote. Nimechoka kuwa mtu mwema."

Fadhiya alikubali kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyazuia.

"Na umwite," Nimwaka alisema, kwa sauti ya chini sasa.

"Nani?"

"Mamako. Katika nyumba hii hukuwahi kumwita. Alikuja Idi zote zile akakaa pale kwenye kochi, na hukumwita, kwa kuwa mimi sikukufundisha. Mwite."

Midomo ya Fadhiya ilikwenda yenyewe kwenye mama mdogo, kwa mazoea. Akaifunga. Akapumua. Akageuza uso kutoka kwa Nimwaka, akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Mama," aliita.

Nimwaka alishtuka, midomo ikafunguka kuitika, kama ilivyoitika maisha yote ya mtoto huyu. Akaiziba kwa mkono wake wenye nazi.

"Mama," Fadhiya aliita tena, kwa nguvu zaidi.

Nimwaka alikazana na mkono wake mdomoni asiitike, mabega yakimtetema. Na mwingine wa kuitika hakuwapo.